Mwaitu Kalekye, Nyumba ya Wasichana Haihamishwi

Mpendwa Mwaitu Kalekye, mama yangu,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje ya nyumba ya wasichana, na barua hii sitaitia ndani ya bahasha. Nikimaliza nitampa Rabeka aisome, naye atampa Mama Rehema, na kama shemeji yako Mutua atataka kusomewa nitamsomea mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu. Wewe hukujua kusoma, na ulikuwa ukinikaripia kila uliponiona nimeinamia kitabu kimya. Ulisema, "Soma kwa mdomo, hata mimi nina masikio." Basi leo nasema kwa mdomo.

Kaburi lako lilikuwa halijaota hata jani moja Mutua alipokuja. Hakuja na pole. Alikuja na wanawe na kamba ya kupimia, wakaizunguka nyumba huku wasichana wako ndani wanajitayarisha kwenda shule. Nilitoka nikamsalimu kwa adabu zote ulizonifundisha, asijibu. Akasema, "Hapa nitaweka duka. Hawa watoto warudi kwao. Na wewe, kwani wewe ni wa nani hapa?"

Swali hilo nimeulizwa maisha yangu yote, Mwaitu. Nimeulizwa kisimani, nimeulizwa shuleni, nimeulizwa hata na mwanamke aliyekuwa akinipimia maharagwe sokoni Matinyani. Nilizoea kucheka na kupita. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza akiwa na kamba mkononi, na nilipoiona ile kamba nilipandwa na hasira ambayo mpaka sasa haijashuka.

Unaikumbuka klabu ilivyoanza? Yule Memsabu wa serikali alikuja na gari lake la turubai, akatukusanya akina mama na wasichana nyuma ya kanisa kila Alhamisi, akasema tutajifunza maendeleo. Maendeleo yenyewe yalikuwa keki. Tulioka keki ndani ya debe lililofukiwa makaa, ikatoka nyeusi chini na mbichi juu, na Memsabu akapiga makofi. Halafu tukafuma sweta. Sweta, Mwaitu, hapa Kitui, jua likiwa limesimama utosini na mbuzi wenyewe wamejificha kivulini! Wewe uliifuma yako ukaimaliza, ukamvalisha mbuzi dume wako, ukampitisha mbele ya wanaume waliokuwa wakicheza bao. Walicheka mpaka wakasahau zamu. Wewe hukucheka hata kidogo, ukaendelea na safari yako kana kwamba hiyo ndiyo kazi ya sweta.

Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne, kazi yangu klabuni ni kuteka maji na kukaa kimya. Lakini nilikuwa nikikuangalia. Niliona kwamba wewe, mjane usiye na mtoto, ambaye wengine walikuonea huruma mbele na kukusengenya nyuma, ndiye uliyewafanya akina mama wote waache sindano wakusikilize. Uliwaambia keki si neno. Neno ni wale wasichana wa Nuu na wa Tseikuru ambao baba zao wangewaruhusu kusoma kama pangekuwa na mahali pa kulala karibu na shule. Mvulana hulala popote. Msichana akilala popote, habari yake imekwisha.

Ukatoa kipande cha shamba lako mwenyewe, lile alilokuachia marehemu mumeo. Tukafanya mwethya, ile kazi ya pamoja ya Wakamba ambayo hakuna anayelipwa na hakuna anayekosa. Akina mama walibeba mawe mgongoni, kamba ya kiondo ikiwakata paji la uso, wakachota mchanga mtoni, wakaimba. Wanaume walituita Jeshi la Sindano. Mama Rehema alikuja kutoka mjini Kitui, kutoka duka la mumewe, akiwa na cherehani yake juu ya punda. Akashona mapazia kabla nyumba haijapata hata madirisha. Ulimuuliza, "Mama Rehema, hayo tutayaning'iniza wapi?" Akasema, "Nyinyi jengeni haraka, mimi nishamaliza yangu."

Nyumba ilikuwa imefika usawa wa kiuno baba yangu aliponitafutia mume.

Kila mtu huku amesikia habari hii, lakini ameisikia kutoka kwa Mutua, kwa hiyo naiandika jinsi ilivyokuwa. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe kutoka Tseikuru, mtu mzima mwenye wake na wajukuu, aliniona nikitoka kisimani. Akamletea baba blanketi, akamletea sukari, akamletea kofia. Baba aliivaa ile kofia hata ndani ya nyumba. Mama akaniambia niache vitabu, kwa kuwa mchuuzi akirudi kutoka mnadani ataleta mifugo yote kwa mara moja, watu waone. Nilikimbia kutoka kwetu mpaka klabuni bila viatu, nikaanguka mbele yenu nikilia kwa namna ambayo hata Memsabu angekuwepo angeelewa bila mkalimani.

Wengine walinipangusa machozi. Rabeka, shemasi wa kanisa, akaanza kuomba. Wewe ulisimama juu yangu ukauliza neno moja tu.

"Ntheo imefika?"

Nikasema hapana, ni blanketi na sukari na kofia.

"Nakuuliza mbuzi wa ntheo. Na pombe yake. Wazee wamekunywa?"

"Hawajanywa, Mwaitu."

"Basi wewe si mke wa mtu. Huyo mzee ameleta zawadi. Kofia si ndoa."

Hilo ndilo kosa alilofanya yule tajiri, na Mkamba yeyote maskini asingelifanya. Alitaka kuja na kundi zima aonekane, akaiacha ntheo isubiri, na hali kila mtu anajua kwamba bila wale mbuzi wa kwanza na pombe yao hata ukileta ng'ombe wa wilaya nzima hujaoa. Ukatazama ukuta wetu wa kiuno, kisha ukanitazama mimi. Ukasema, "Mbuzi ninao. Boma ninalo. Mwana sina. Nitamwoa mimi, awe iweto wangu."

Iweto si jambo geni kwetu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto ana haki ya kutoa mbuzi wake akaoa msichana kwa jina la mwana ambaye angemzaa, ili boma lisife. Bibi zetu walifanya hivyo na hakuna aliyewatolea macho. Lakini nyinyi mlikuwa watu wa kanisa, na kanisani jambo hilo lilihesabiwa kuwa la gizani.

"Kalekye," Rabeka akasema, "hiyo mambo tuliacha. Tuliapa."

"Tuliapa. Sasa wewe nipe njia ingine."

"Na pombe je?" Rabeka akauliza. "Nani atapika pombe? Sisi wote hapa tumeokoka."

"Pombe ya ntheo haijipiki, Rabeka. Kama hutaki kushika mti wa kutwangia, shika huyu mtoto umpeleke Tseikuru kwa mkono wako."

Niliona uso wa Rabeka. Tangu abatizwe mama yule hakuwahi hata kupita karibu na nyumba ya pombe, alikuwa akizunguka njia ndefu. Akafunga leso yake kiunoni, akaomba apewe miwa. Ndivyo klabu ya maendeleo ilivyogeuka kiwanda cha pombe, akina mama wa kwaya wakitwanga miwa na kukamua, wakiimba tenzi ili mpita njia asishuku. Mama Rehema alisema, "Mimi pombe sigusi, dini yangu hairuhusu hata harufu. Lakini kuni si pombe." Akaleta mzigo wa kuni, akaketi upande usio na upepo, akaziba pua kwa buibui lake mpaka ikaiva.

Mkawaswaga mbuzi mpaka kwa baba yangu asubuhi na mapema, pombe ikiwa kwenye vibuyu na wazee wakifuata harufu. Baba alitaka kukataa. Lakini wazee walikwisha keti, na mbuzi walikuwa wanono, na yule mchuuzi alikuwa bado mnadani. Baba aliwapapasa mbuzi mgongoni, akasema mbuzi ni mbuzi. Wazee wakanywa. Mutua naye alikunywa, tena aliomba kuongezewa, kwa sababu siku hiyo alidhani unamletea nduguye marehemu wajukuu watakaowachunga ng'ombe wake. Mchuuzi aliporudi alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Wazee wakasema arudishiwe kofia yake.

Gharama yake mliilipa nyinyi. Mchungaji aliwatenga wote waliotwanga, wakakatazwa Meza ya Bwana, wakahamishiwa benchi la nyuma karibu na mlango ambako vumbi lote huingilia. Rabeka alivuliwa ushemasi mbele ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe kusali. Memsabu naye akaja amewiva uso, akasema klabu ya serikali haiwezi kununua wasichana, akakusanya sindano na nyuzi, akabeba hata lile debe. Siku hizo za hali ya hatari mkutano ulitaka ruhusa, naye akahakikisha chifu hatatupa ruhusa nyingine. Akina mama walivunjika moyo. Wewe ulilitazama gari likitokomea vumbini, ukasema, "Mwache. Keki yenyewe ilikuwa inaungua kila siku." Kesho yake ulikuwa ukutani peke yako unapanga mawe. Mkutano ulihitaji ruhusa, lakini mtu na mawe yake hakuhitaji, na kufikia mchana akina mama wote walikuwa pale, kila mmoja akidai yuko peke yake.

Nilihamia kwako. Niliogopa sana, sasa nakuambia. Nilidhani utaniletea mwanamume, maana iweto huletewa mtu wa kuzaa naye. Uliniletea taa ya chemni. Shuleni waliniita mke wa mwanamke, waliniita mke wa kivuli, nikarudi nyumbani nalia, nikakuta umekaa unatwanga mahindi ya muthokoi. Hukuacha kutwanga. Ukasema, "Wewe soma. Mwanangu hawezi kukusumbua, hajazaliwa." Nikacheka huku kamasi zinanitoka. Siku zile za kiangazi tulishuka pamoja mtoni kufukua mchanga, wewe ndani ya shimo unachota, mimi juu napokea kibuyu, na ulikuwa ukiniuliza habari za masomo kutoka shimoni, sauti yako ikipanda kabla ya maji. Nilikueleza mgawanyo, nilikueleza Misri iko wapi. Sijapata mwanafunzi msikivu kama wewe hata mmoja, na sasa nimefundisha wengi.

Nilipokwenda chuo cha ualimu ulinisindikiza mpaka kituo cha basi. Ukaniambia, "Kavata, wale mbuzi nilishasahau. Ukipata mtu wako, nenda. Hakuna mtu atakudai." Nilijibu kwamba nitarudi. Ukanikazia macho ukasema, "Sikukuoa urudi. Nilikuoa uende." Nilipanda basi, na mpaka leo nikipita kituo kile huyasikia maneno hayo.

Lakini nilirudi. Nilirudi kufundisha katika shule ile ile, na nyumba ikawa na mabati, na mapazia ya Mama Rehema yakapata madirisha yake. Na nikampata mtu wangu pia. Unamjua, Yosia, mwalimu wa Makueni, aliyekuletea mche wa mpapai akaupanda mwenyewe. Yosia amepata shamba kule kwenye makazi mapya, amelima matuta, amechoma matofali. Nampenda, Mwaitu. Naliandika hapa wazi kwa sababu sikuwahi kulisema mbele yake vya kutosha. Mchungaji alikuwa tayari kututangaza kanisani, kwa sharti moja, kwamba niseme hadharani kuwa ule uiweto haukuwa ndoa, ulikuwa ujanja wa wanawake wa kumtoa mtoto kwenye shida.

Na hilo ndilo Mutua alilolitegemea. Alipeleka shauri kwa wazee, akasimama mbele ya baraza na fimbo yake. "Huyu mwalimu si mke wa boma letu," akasema. "Ilikuwa mchezo ya akina mama. Hata yeye mwenyewe anataka kuolewa kanisani, sasa mtu aliyeolewa anaolewaje? Kama si mke, shamba ni ya ndugu yangu, na ya ndugu yangu ni yangu. Nyumba itoke."

Kabla sijaitwa, Yosia alinishika mkono. Aliniambia polepole, "Sema tu ukweli, Kavata. Sema ilikuwa ujanja. Kesho twende Makueni tuanze maisha. Hata huko kuna wasichana." Hakuwa na ubaya. Na mimi nilitaka kwenda, Mwaitu. Niliona ile nyumba ya matofali na mimi nimesimama mlangoni. Kisha nikawaona wasichana wamejipanga nyuma ya watu, wale wakubwa wakiwaziba masikio wale wadogo wasisikie Mutua alivyokuwa akisema. Nikauondoa mkono wangu.

Mzee wa baraza akaniuliza, "Wewe ni mke wa boma hili?"

"Ndiyo, mimi ni mke wa boma hili."

"Mume wako ni nani?"

"Mwana wa Kalekye."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akangoja wanyamaze. "Kalekye hakuzaa."

"Najua, mzee. Na wewe ulijua ulipokunywa ntheo yake. Kama ndoa hiyo ni ya uongo, basi mlikunywa nini?"

Mutua akapiga fimbo chini, akasema hakukuwa na ntheo yoyote, ilikuwa togwa ya kanisa, akina mama waliookoka wangepikaje pombe? Wazee waliokunywa wengine wamekufa, na waliobaki walianza kutazamana, maana kusema kweli hawakutaka kugombana naye, kwa kuwa ndiye mwenye ng'ombe. Mchungaji alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nikaona shauri linanitoka mikononi.

Rabeka akasimama. Unajua ni mwaka huu tu amerudishiwa ushemasi wake, baada ya kukaa benchi la vumbi miaka yote ile. Ana mvi sasa, anasimama kwa taabu. Hakumtazama mchungaji.

"Ilikuwa pombe," akasema. "Mimi ndiye nilipika."

Mchungaji akamwita jina lake, taratibu, kama anayemwonya mtoto aliye karibu na moto. Rabeka akaendelea.

"Miwa nilitwanga mimi na mikono hii. Ilikuwa kali. Mutua alikunywa akaanguka kwa shimo ya takataka, tukamtoa na kamba. Muulizeni nani alimtoa. Ile ndoa ni ndoa, na Kavata ni mke, na mkinitoa kanisani tena mnitoe, njia ya benchi ya nyuma naijua."

Mwaitu, laiti ungekuwepo. Akina mama wote wa Alhamisi walisimama mmoja mmoja, kila mmoja akisema alichofanya, huyu alikamua, huyu alichuja, huyu alibeba kibuyu kichwani. Mama Rehema akasimama mwisho, buibui lake likiwa limepauka, akasema, "Na kuni zilikuwa zangu." Wazee hawakukaa sana. Wakasema iweto wa Kalekye ni mke wa boma, shamba ni lake maisha yake yote, na kamba ya Mutua irudi kwake.

Yosia aliondoka kabla watu hawajatawanyika. Nilimwona akisukuma baiskeli yake kuelekea barabara ya Makueni, hakupanda, alikuwa akiisukuma tu. Sikumfuata. Nililia siku nzima na sitaki mtu aniambie nilikuwa jasiri, kwa sababu inauma. Mchungaji ameshatuma neno kwamba mimi na Rabeka tusikaribie Meza ya Bwana. Jumapili tutakwenda wote, tutakaa karibu na mlango, na tutaimba kwa sauti kubwa kuliko walio mbele.

Uliniruhusu niende, nami nimekaidi ruhusa yako. Usinikasirikie. Wewe ulinioa kwa ukaidi, ulijenga kwa ukaidi, ulitarajia nitokee nani? Mutua anapita barabarani kila siku na hanisalimu. Mimi namsalimu, kwa nguvu, mpaka ageuke.

Asubuhi ya leo amekuja mama mmoja kutoka Nuu na binti yake, miguu imejaa vumbi, mkeka kichwani. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya mamake. Yule mama alitazama nyumba, akanitazama mimi na chaki zangu, akauliza kama mwenye boma yupo. Nikamwambia yupo. Akaniuliza yuko wapi, nikampokea mkeka.

Pumzika salama, Mwaitu wangu, wala usisumbuke kuamka kutulinda.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Kavata